Shajara ya mradi: MHPG ya mkojo na sonona, wiki ya 1 hadi ya 14

Wiki ya 1

Swali la pendekezo la kwanza lilikuwa hili: je, kiasi cha MHPG kwenye mkojo wa saa 24 kinaweza kumtambua mwenye sonona? Tumelifuta ndani ya wiki hii hii. Sababu tunaziandika hapa kwa kirefu ili lisije likarudi kimyakimya wakati wa kuandika ripoti.

MHPG, yaani 3-methoksi-4-hidroksifenilglikoli, ni mabaki ya noradrenalini, kemikali ambayo neva hutumia kupeana ishara, iliyopita mikononi mwa vimeng'enya viwili, MAO (monoamini oksidesi) na COMT (katekoli-O-methiltransferesi). Noradrenalini iliyovuja kwenye vifuko vya neva, au iliyotolewa kisha ikarudishwa ndani, hukutana na MAO na kuwa DHPG (dihidroksifenilglikoli). DHPG hutoka nje ya neva, COMT huipachika kikundi cha methili, nayo inakuwa MHPG. Ini huchukua sehemu kubwa ya MHPG hiyo na kuigeuza VMA (asidi ya vanililimandeliki) kwa alikoholi dihaidrojenesi, kimeng'enya kilekile kinachovunja pombe. Inayobaki huunganishwa na salfeti au asidi ya glukuroniki, ikatoka kwenye mkojo.

Mwaka 1965 Joseph Schildkraut aliandika nadharia kwamba katika baadhi ya sonona kuna upungufu wa katekolamini (kundi la kemikali za neva), hasa noradrenalini, kwenye ubongo. Mwaka 1968 James Maas na wenzake wakaripoti MHPG ndogo kwenye mkojo wa wagonjwa wa sonona. Hoja iliyowavutia wengi ni kwamba ubongo hutoa MHPG zaidi kuliko VMA, kwa hiyo zaidi ya nusu ya MHPG ya mkojo ilihesabiwa kuwa imetoka kichwani. Mkojo ukaonekana kama dirisha la ubongo.

Dirisha hilo lilifinywa mwaka 1980. Blombery, Kopin na wenzao waliwapa watu MHPG iliyowekewa alama na kuifuatilia, wakaona nyingi inageuka VMA. Hesabu iliporudiwa kwa kuzingatia mgeuko huo, mchango wa ubongo kwenye MHPG ya mkojo ulishuka hadi asilimia 20 hivi. Zinazobaki zinatoka kwenye neva za simpathetiki, zile zinazouandaa mwili kwa dharura, za moyo, mishipa ya damu, figo na misuli. Anayepima MHPG ya mkojo anapima mwili mzima, na ubongo ni mchangiaji mmoja tu kati ya wengi.

Sababu ya pili ni ya hesabu tupu. Tuseme tofauti kati ya wagonjwa na wasio wagonjwa ipo kweli, na ni nusu ya mchepuko sanifu (kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika kuzunguka wastani), ambayo si tofauti ndogo katika fani hii. Ukichukua mgonjwa mmoja na mtu mmoja asiye mgonjwa bila kuchagua, uwezekano wa kipimo kuwapanga sawasawa ni asilimia 64. Sarafu ikirushwa inatoa 50. Makundi mawili yanaweza kutofautiana kwa wastani, na bado namba ya mtu mmoja isikwambie lolote la kutegemewa kuhusu mtu huyo.

Wiki ya 2

Swali jipya: MHPG ya mtu yuleyule inabadilikaje kati ya kipindi cha sonona na kipindi cha nafuu, DHPG na VMA zikipimwa pamoja nayo? Kila mshiriki anakuwa kipimo cha kulinganisha cha nafsi yake. Ukubwa wa mwili, jinsia, uwezo wa ini na tabia za kila siku haviondoki, lakini vinakuwa vilevile pande zote mbili za mlinganyo.

Idadi pia inapungua. Kutambua tofauti ya nusu ya mchepuko kwa nguvu (uwezekano wa kuiona tofauti iliyopo) ya asilimia 80 na kiwango (uwezekano wa kudhani ipo wakati haipo) cha asilimia 5 kunahitaji watu 64 kwa kila kundi. Kwa mtu kulinganishwa na nafsi yake, ambapo mchepuko unaotajwa ni ule wa tofauti zenyewe, wanatosha 34. Tunaongeza robo kwa ajili ya watakaoacha njiani: 43.

Ukali wa sonona utapimwa kwa PHQ-9 ya Kiswahili, dodoso la maswali tisa (alama 0 hadi 27), na kwa kipimo cha Hamilton cha vipengele 17 kinachojazwa na mtaalamu. Wasiwasi utapimwa peke yake. Wasiwasi na hofu hupandisha MHPG, na wenye sonona wengi wana wasiwasi pia. Bila alama yake, mgonjwa aliyetulia na mgonjwa anayetetemeka watatiwa kapu moja na namba zao zitafutana.

Wiki ya 3

Orodha ya kuwachuja washiriki imekamilika. Iliyochukua muda ni ya dawa.

Vizuizi vya MAO huporomosha MHPG moja kwa moja kwa kuwa vinafunga mlango wa kwanza. Klonidini, dawa ya shinikizo la damu, huishusha, na methildopa, ya shinikizo pia, nayo inaivuruga. Dawa za mafua zenye sudoefedrini zinaachilia noradrenalini, na wengi hawazihesabu kuwa dawa, kwa hiyo dodoso linataja "vidonge vya mafua na vya kuzibua pua" waziwazi. Miraa inaulizwa kwa majina yote ya mtaani: miraa, mirungi, gomba, muguka. Kathinoni yake huachilia noradrenalini kama amfetamini, na mtu aliyetafuna jioni ya kuamkia siku ya kukusanya mkojo haonyeshi hali yake ya kawaida. Kahawa na chai hazizuiwi kabisa, kwa sababu kuacha ghafla nako kunasumbua mwili. Tunataka kiasi kilekile kila mara, kiandikwe kwa vikombe.

Pombe ina njia yake. Ini likiwa linavunja pombe, MHPG haipati nafasi ya kugeuka VMA. Matokeo ni MHPG kupanda na VMA kushuka bila noradrenalini kuongezeka hata kidogo. Ndiyo sababu kubwa ya kupima VMA kwenye sampuli zote: MHPG ikipanda huku VMA ikishuka, swali la kwanza liwe pombe, kabla ya kufikiria ubongo. Kanuni: saa 72 bila pombe kabla ya kuanza na siku nzima ya kukusanya.

Dawa za sonona zenyewe ndizo mtego mkubwa kuliko yote. Desipramini na venlafaksini huzuia noradrenalini kurudishwa ndani ya neva. Isiporudi, haikutani na MAO, na DHPG inashuka; MHPG huifuata. Mshiriki akianza dawa hiyo, wiki sita baadaye namba itakuwa imeshuka, awe amepona au hajapona. Anayeangalia waliopata nafuu peke yao atadhani ameona alama ya kupona, kumbe ameona alama ya kumeza dawa. Uamuzi: uchambuzi mkuu ni wa wanaotibiwa kwa mazungumzo ya kitabibu bila dawa, wanaotumia dawa wanawekwa kundi la pembeni na kuchambuliwa kivyao. Hakuna atakayecheleweshewa wala kukatiziwa dawa kwa ajili ya mradi. Hili limeandikwa kwenye fomu ya ridhaa kwa herufi nzito, pamoja na utaratibu wa kumpeleka kwa daktari siku hiyohiyo mshiriki yeyote atakayejibu zaidi ya sifuri kwenye kipengele cha 9 cha PHQ-9, kinachouliza mawazo ya kujidhuru.

Wiki ya 4 na 5

Ukusanyaji wa mkojo. Makosa mengi ya tafiti za zamani yalianzia hapa, si kwenye mashine.

Maelekezo kwa mshiriki yanasomeka hivi: ukiamka, kojoa mkojo wa kwanza chooni na uandike saa. Kuanzia hapo kila tone liingie kwenye chupa. Kesho yake, saa ileile, kojoa kwa mara ya mwisho na mkojo huo uingie kwenye chupa. Wanaokosea kwa kawaida hukosea pale mwanzo: wanaweka mkojo wa kwanza pia, na saa 24 zinageuka saa 32.

Chupa ni ya lita 3, ya rangi ya kaki, inakaa kwenye friji au kwenye kasha lenye barafu. Hatutii asidi kwenye chupa. Asidi hulinda noradrenalini na DHPG, lakini huanza kuvunja viunganisho vya salfeti vya MHPG, na MHPG iliyo huru haipendi asidi ikipata joto. Badala yake mkojo unagawanywa ukifika maabara: mirija miwili inatiwa asidi haidrokloriki hadi pH iwe chini ya 4 kwa ajili ya DHPG, na mirija minne inabaki bila asidi kwa ajili ya MHPG na VMA. Kila mrija mililita 2, kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Mrija ukiyeyushwa haurudishwi kwenye friza.

Ujazo hausomwi kwenye mistari ya chupa. Chupa inapimwa kwenye mizani, uzito wake ikiwa tupu unatolewa, na gramu 1 inahesabiwa kuwa mililita 1. Uzito mahususi wa mkojo ni kati ya 1.005 na 1.030, kwa hiyo kosa halizidi asilimia 3. Mistari ya chupa za plastiki ni mibaya kuliko hapo.

Ukamilifu unakaguliwa kwa kreatinini, taka ya misuli inayotoka kwenye mkojo kwa kiasi kinachokaribia kufanana kila siku. Mwanamume hutoa takriban miligramu 15 hadi 25 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, mwanamke pungufu kidogo. Mwanamume wa kilo 70 akileta gramu 0.7, nusu ya mkojo imepotelea njiani. Anaombwa arudie, namba yake hairekebishwi kwa hesabu.

Kila kipindi kina makusanyo mawili, yakipishana siku tatu hadi saba. Kusanyo moja haliwezi kutenganisha mabadiliko ya sonona na mawimbi ya kawaida ya siku hadi siku.

Wiki ya 6

Viwango rejea, yaani kemikali safi za kulinganishia, vimepimwa na kuyeyushwa. Tahadhari moja inastahili kubandikwa ukutani. MHPG inayouzwa kwa kawaida ni chumvi ya piperazini, uzito wake wa molekuli ni 227.26, ilhali MHPG yenyewe ni 184.19. Kupata miligramu 10 za MHPG kunahitaji miligramu 12.34 za chumvi. Anayepima miligramu 10 za chumvi na kuandika "MHPG miligramu 10" atakuwa na 8.1, na matokeo ya washiriki wote yatapanda kwa asilimia 23 bila dalili yoyote kwenye kromatogramu (mchoro wa vilele unaotolewa na mashine). Kosa hili likifanyika katikati ya mradi, pale chupa mpya ya kiwango inapofunguliwa, litaonekana kama badiliko la ugonjwa.

Myeyusho mama: miligramu 1 kwa mililita 1, kwenye asidi asetiki dhaifu, chupa za kaki, umegawanywa na kugandishwa.

Wiki ya 7 hadi 9

Kuvunja viunganisho. Wiki tatu, na zote zilihitajika.

Karibu MHPG yote ya mkojo imeunganishwa na salfeti au glukuroniki, na kolamu yetu (mrija wa mashine unaotenganisha kemikali) inaona iliyo huru tu. Kuchemsha na asidi ni haraka lakini kunaharibu MHPG. Tunatumia kimeng'enya cha konokono Helix pomatia, chenye glukuronidesi na salfatesi pamoja.

Utaratibu ulivyo sasa: mkojo mililita 0.5, bafa (myeyusho unaoshikilia pH) ya asetati 0.5 M ya pH 5.2 mililita 1.5, kiwango rejea cha ndani (iso-MHPG, pacha wa MHPG anayetiwa kwa kiasi kinachojulikana), kimeng'enya mikrolita 50, nyuzi 37 usiku kucha, saa 16 hadi 18.

Mwanzoni bafa ilikuwa mililita 0.5 tu, na uvunjaji haukukamilika kwenye mikojo mizito. Sababu ni kwamba fosfeti na salfeti huzuia salfatesi, na mkojo umejaa vyote viwili. Kwenye mkojo mwepesi wa mtu aliyekunywa maji mengi kazi ilikwisha usiku mmoja. Kwenye mkojo mzito wa asubuhi ilibaki nusu njia. Hatari yake kwa mradi ni kubwa kuliko inavyoonekana. Mwenye sonona kali mara nyingi hali vizuri wala hanywi maji ya kutosha, mkojo wake unakuwa mzito, kimeng'enya kinazuiliwa, na MHPG yake inasomeka ndogo. Maabara inaweza kutengeneza "upungufu wa noradrenalini" kwa njia hiyo peke yake. Kuongeza bafa hadi mara tatu ya mkojo kulitatua tatizo kwa sampuli nyingi. Zenye kreatinini zaidi ya gramu 2 kwa lita zinapunguzwa nguvu kwa maji mara mbili kabla ya kuanza.

Kosa lililoficha tatizo kwa siku kadhaa lilikuwa kwenye namna ya kukagua. Tuliongeza MHPG huru kwenye mkojo na kuangalia kama inarudi. Ilirudi vizuri, kwa sababu haikuhitaji kuvunjwa. Kipimo hicho kinakagua uchujaji tu, yaani hatua ya kuitoa MHPG kwenye mkojo. Iso-MHPG nayo ni huru, kwa hiyo hairekebishi uvunjaji hata kidogo. Kinachokagua uvunjaji ni MHPG salfeti: chumvi yake ya potasiamu (302.34) inaongezwa kwenye mkojo, na kinachotafutwa ni MHPG huru upande wa pili. Miligramu 16.41 za chumvi hiyo zinapaswa kutoa miligramu 10. Tangu sasa kila kundi la sampuli lina mrija mmoja mwepesi na mmoja mzito ulioongezwa salfeti. Ukirudisha chini ya asilimia 85, kundi zima linarudiwa.

Wiki ya 10

Uchujaji. MHPG haina asidi kali, na kundi lake la fenoli halipotezi protoni hadi pH ikaribie 10. VMA ni asidi. Tofauti hiyo ndiyo tunayoitumia. Chumvi ya kawaida inatiwa hadi isiyeyuke tena, mililita 3 za ethili asetati, mtikiso wa dakika 5, sentrifuji dakika 5, tabaka la juu linatolewa, mara mbili. Kisha tabaka hilo linaoshwa kwa mililita 1 ya potasiamu baikaboneti 1 M, na asidi zote zinabaki kwenye maji. VMA inapimwa kivyake kwa sehemu nyingine ya mkojo.

Ukaushaji ni kwa naitrojeni, nyuzi 40 na si zaidi. Usiongeze joto ili umalize mapema. Na usiache unyevu wa ethili asetati: ukibaki, mstari wa msingi wa ditekta unapinda kwa dakika kadhaa na vilele vya mwanzo vinazama humo.

Wiki ya 11 na 12

Kromatografia. Kolamu ya C18, milimita 150 kwa 4.6, chembe za mikromita 5. Bafa ya asetati na sitreti yenye EDTA na methanoli asilimia 4. Mililita 1 kwa dakika. Ditekta ya elektrokemia yenye elektrodi ya kaboni ya kioo kwenye volti +0.75.

Kilele kilichoonekana mahali pa MHPG kilikuwa kinene kuliko cha kiwango safi. Njia mbili zilitumika kuuliza ni nini kimejificha humo. Kwanza, pH ya bafa ilishushwa kutoka 4.5 hadi 3.5. MHPG haina chaji, haijali pH; kinachosogea ni asidi. Bega la kilele lilisogea, kilele chenyewe kikabaki. Kwa hiyo kilikuwa kitu cha asidi, na maana yake uoshaji wa baikaboneti haukutosha. Kuosha mara mbili kumeliondoa. Pili, sampuli ileile inapimwa kwenye +0.65 na +0.80. Uwiano wa urefu wa vilele viwili hivyo lazima ufanane na wa kiwango safi. Usipofanana, kuna mgeni ndani hata kama umbo ni zuri. Ukaguzi huu sasa ni wa lazima kwa sampuli moja kati ya kila kumi.

Fenoli zikioksidishwa hujenga utando juu ya elektrodi, na usikivu wake hufifia saa zinavyokwenda. Kama sampuli za kipindi cha sonona zote zingepimwa asubuhi na za nafuu zote jioni, utando huo ungegeuka kuwa "matokeo". Ndiyo maana sampuli zote za mtu mmoja zinapimwa siku moja, mpangilio wake ukipangwa kwa bahati nasibu, na kiwango rejea kinapita kila baada ya sampuli kumi. Kikishuka zaidi ya asilimia 10, kazi inasimama, elektrodi inang'arishwa kwa unga wa alumina, na sampuli zilizopita tangu kiwango kizuri cha mwisho zinarudiwa.

Tuliangalia pia uwezekano wa spektrometria ya masi, njia ya kupima uzito wa molekuli zenye chaji. MHPG yenyewe haishiki chaji vizuri na hupoteza maji ikiingia kwenye chombo, kwa hiyo ioni inayoonekana kwa upande chanya ni 167 badala ya 185. MHPG salfeti huonekana vizuri upande hasi, kwenye 263, bila kuvunjwa na kimeng'enya. Kwa maabara yenye chombo hicho, kupima salfeti moja kwa moja kunakwepa tabu yote ya wiki ya 7 hadi 9. Sisi tutapeleka sampuli chache nje kulinganisha.

Wiki ya 13

Karatasi ya hesabu imekaguliwa na watu wawili, kila mmoja peke yake. Mfano wa kujaribia: ditekta inasoma mikrogramu 1.33 kwa mililita, ujazo mililita 1,500. Hiyo ni miligramu 2.0 kwa saa 24, sawa na mikromoli 10.9. Kreatinini ikiwa gramu 1.4, ni miligramu 1.43 kwa kila gramu ya kreatinini. Zote mbili zinaandikwa, lakini ya saa 24 ndiyo kuu: mtu aliyekonda kwa kutokula miezi miwili amepoteza misuli, kreatinini yake imeshuka, na kugawanya kwa kreatinini kutaipandisha MHPG yake bila sababu. Uzito wa mwili unapimwa katika kila kipindi kwa ajili hiyo.

Atakayesoma vilele hatajua mrija ni wa kipindi gani. Namba za mirija zinatolewa na mtu asiyeingia maabara.

Wiki ya 14

Vigezo vilivyofikiwa: marudio ya sampuli moja siku moja na siku tofauti yanatofautiana chini ya asilimia 10, mstari wa viwango umenyooka kati ya mikrogramu 0.1 na 5 kwa mililita. Salfeti inarudi ndani ya asilimia 85 hadi 115 kwenye mkojo mwepesi na mzito.

Bado: DHPG. Yenyewe ni katekoli, inashikwa kwenye alumina kwa pH 8.6 na kuachiliwa kwa asidi, lakini kwenye pH hiyo huoksidishwa upesi. Hatua kutoka kutia bafa hadi kuosha alumina lazima ziishe ndani ya dakika 15, na mtu mmoja hawezi kubeba mirija zaidi ya 12 kwa muda huo. Wiki ya 15 ni ya mazoezi ya hatua hiyo kwa mkojo wa kujaribia. Washiriki wa kwanza hawaitwi kabla DHPG haijatimiza vigezo vilevile vya MHPG.